Mnara Uliowafuata Watu wa Lotsuru

Jumanne, saa moja na robo ya asubuhi, Anastasie alikuwa mbele ya hema lake akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amefika nusu ya kinu, anamsubiri jirani yake Léonie arudi na dumu la maji, alipouona mnara wa simu wa Lotsuru unaingia kambi yao ya wakimbizi mjini Bunia. Ulikuja kwa miguu, kwa barabara ya kaskazini, ukijibana pembeni ili pikipiki zenye abiria zipate nafasi. Ulikuwa na mita arobaini na mbili na miguu mitatu, kila mguu umevaa kiatu cha sementi kilichong'oka na udongo wake mwekundu. Jenereta, ambalo watu wa huko huliita grupu, lilikuwa limefungwa mgongoni kwa nyaya, kama mama anavyombeba mtoto akienda sokoni.

Anastasie akauegemeza mchi kwenye kinu.

"Ayi! Umekawia," akasema.

Mnara ukawasha taa yake nyekundu ya juu, ukaizima.

Kusema kweli hakuwa na haki ya kuulaumu. Miaka tisa alikuwa sentineli, yaani mlinzi wake, kule Lotsuru, upande wa Djugu: kuupa mazutu ya dizeli, kuufyekea majani, kuwafukuza mbuzi wasijikune kwenye vyuma vyake. Halafu, mwezi wa kupanda maharage, bunduki zikaingia kijijini, na watu wakatoka na magodoro kichwani kabla maji ya chai hayajachemka. Hakuna aliyekumbuka kuuambia mnara. Anastasie mwenyewe aliukumbuka kwenye kona ya pili, akaulilia kidogo, baada ya kuwalilia mbuzi wake. Mnara ukakaa peke yake miezi minne, bila mazutu, bila mtu wa kuongea. Ulipoona kwamba hakuna anayerudi, ukaondoka.

Kwenye bariere, kizuizi cha kuingilia Bunia, polisi aliuomba feuille de route, hati ya safari, kama anavyoomba kila mtu. Mnara hauna mfuko. Polisi akainama, akasoma kibao cha chuma kwenye mguu mmoja, akaandika kwenye daftari: "Abiria mmoja, mrefu, wa Lotsuru, anafuata familia." Akauambia ujihadhari na nyaya za umeme, akainua kamba.

Adolphe, rais wa kambi, aliutafutia nafasi kati ya tanki la maji na vyoo vya wanaume. Saa nne akaja Clémence, binti wa shirika la misaada, na mashine yake ya kuandikia wakimbizi.

"Familia ya batu ngapi?"

"Moya," Anastasie akajibu kwa niaba yake. "Iko peke yake."

"Iko na ugonjwa?"

"Hapana. Inakunywa mazutu tu."

Clémence akaandika kwamba ni mtu mzima anayeishi peke yake, mwenye mahitaji maalumu ya chakula, akaupa jetoni ya mgao, namba 1184. Hema hakuupa, kwa sababu hata mahema kumi yasingeufika magotini. Blanketi aliupa. Léonie akalifunga kwenye mguu wa kushoto, na tangu siku hiyo kila Alhamisi shirika likaleta mchele, chumvi, mafuta ya kupikia na madumu mawili ya mazutu.

Basi kambi ikapata uhai. Mpaka siku ile, mtu akitaka kupiga simu ilibidi apande kwenye kichuguu nyuma ya shule, ashike simu juu, ageuke polepole mpaka apate kipande cha mtandao, na akikipata asikohoe. Sasa mtandao ulijaa mpaka kwenye vyoo. Waendesha pikipiki wa mjini walikuja kuegesha pale waangalie mpira kwenye simu zao, wanawake wakaanika nguo kwenye vyuma vya chini, na mnara, ambao kule kijijini ulizoea kunguru tu, ulisimama wima kwa furaha ambayo kila mtu aliiona.

Ila watu wa Lotsuru wana namna yao ya kuongea na simu, na bila kuieleza namna hiyo, yaliyofuata hayaeleweki.

Zamani, kabla ya simu, Lotsuru ilikuwa na fonie: redio ya parokia, iliyokula betri ya gari, na waya wake ulitandazwa kati ya miti miwili ya mikaratusi. Anastasie, msichana wa miaka ishirini, ndiye aliyeiendesha. Yeye ndiye aliyewafundisha watu adabu. Kwanza unasema uko wapi, maana yule wa Aru au wa Kisangani hakuoni: "Hapa Lotsuru, hapa Lotsuru, unanipata?" Kisha unasema neno lako. Ukimaliza unasema "à vous", zamu yako, na unanyamaza, mwenzako naye aseme lake. Usiposikia unasema "répétez", ukipokea "reçu", na mazungumzo yakiisha "terminé". Na foleni nzima inakusikia, usijifanye una siri. Mwanaume mmoja aliposa kwa fonie, na kabla msichana hajajibu alikuwa ameshapata mashauri ya watu kumi na mmoja, wawili wao wakimkataza kabisa.

Baadaye ikaja simu ya satelaiti ya mfanyabiashara wa dhahabu, ile yenye pembe nene kama kidole gumba, ambayo ilibidi uiongelee katikati ya uwanja. Kisha mnara. Kisha simu za kioo, zinazoonyesha mpaka uso wa mtu. Vyombo vilibadilika mara tatu. Adabu haikubadilika hata mara moja. Mtu wa Lotsuru anamwona shangazi yake kwenye kioo, anaona mpaka pengo la meno yake, na bado anaanza: "Hapa Lotsuru, unanipata? À vous." Hata akiwa Kampala anasema hapa Lotsuru. Wakienda Kinshasa ni hivyo hivyo. Mjini Bunia waliwacheka, wakawaita "batu ba à vous", nao hawakujali.

Mnara pia ulikuwa mtu wa Lotsuru. Kila simu iliyopita kwake uliiandikia, chini ya namba ya mpigaji, jina la mahali, kama ulivyofundishwa siku ya kusimikwa, na jina ulilofundishwa ni moja tu.

Katika ofisi ya kamati ya marejeo ya wakimbizi, Bwana Lambert aliiona hesabu hiyo. Miezi minne Lotsuru haikupiga simu hata moja. Halafu ghafla, simu elfu tatu kwa siku. Bwana Lambert ni mtu makini, haamini mashine peke yake. Alichagua majina arobaini kwenye orodha ya kambi, akayapigia yote kwa mkono wake. Na wote arobaini, wazee kwa vijana, waliitika kwa sauti safi: "Hapa Lotsuru." Akapiga mhuri: Lotsuru, wote wamerudi, amani imepatikana.

Akaja kambini kuwapa pongezi. Walikusanyika mbele yake kwenye matope, watu elfu mbili na zaidi, na watoto wao.

"Lakini Monsieur Lambert," Anastasie akamwambia, "siye hawa hapa. Tuko mbele yako."

"Mama, nabaona," Bwana Lambert akasema kwa heshima. "Lakini macho yangu haina kachet, haina muhuri."

Akatoa simu yake, akampigia palepale. Simu ya Anastasie ikalia mfukoni mwa aproni. Akaichukua bila kufikiri, kama mtu anavyojifuta jasho.

"Hapa Lotsuru, nakupata bien, à vous!"

Bwana Lambert alimtazama kwa huruma, akakata simu. Anastasie alitamani ajing'ate ulimi, utoke damu. Miaka yote wamemsifu kwa adabu hiyo, na leo adabu hiyo imewafuta.

"Na bale benye bunduki, benye kulala ndani ya manyumba yetu?" Léonie akauliza. "Banachoma milango yetu kwa kupika!"

"Milango tumeifikiria," Bwana Lambert akasema, akafurahi kupata swali analoliweza.

Na kweli alikuwa ameifikiria. Juma lililofuata, lori lilipakiwa milango mia mbili na sita, mmoja kwa kila familia iliyorudi, kila mlango na fremu, bawaba na ufunguo wake. Dereva aliambiwa aipeleke Lotsuru. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi, naye alikuwa na mke na watoto. Akasimama kando ya kambi kupiga simu aulize afanye nini, akaona kwenye kioo cha simu yake: Lotsuru. Akateremsha milango.

Watu wakaisimamisha. Utafanyaje, mlango ni mlango. Kila hema la plastiki likapata mlango wa mbao za mkaratusi wenye kufuli, na kambi ikawa na heshima nyingine. Mtu hakuingia tena kwa mtu kwa kuinua turubai, aligonga kwanza. Adolphe alifunga wake kwa ufunguo, akaupoteza, akatoka kwa nyuma chini ya turubai siku tatu mfululizo bila kulalamika.

Alhamisi jioni, redio ya mjini ikatangaza: familia mia mbili na sita za Lotsuru zimerudi makwao na zimepokea milango. Kambini walicheka mpaka wakakaa chini. Anastasie alicheka pamoja nao, mpaka simu yake ilipolia.

Alikuwa ni binti yake, Rebecca. Siku ya mbio Rebecca alikuwa shambani, upande mwingine wa kijiji, akakimbilia chini ziwani na mtoto wake mchanga, Arielle, mgongoni. Tangu hapo alikuwa Kasenyi, kwa wanawake wakausha samaki, akilala penye moshi wao.

"Hapa Lotsuru," Rebecca akasema kutoka Kasenyi. "Mama, nimesikia ku redio. Kesho nakuja! Kuko pirogue, mutumbwi ya motere, inatoka saa kumi, inaniacha chini ya mulima, napanda kwa miguu. Dimanche, siku ya Mungu, niko kwetu. À vous."

Njia hiyo ya mlima ilitokea katikati ya Lotsuru, penye nyumba yake, penye wale watu.

"Hapa Lotsuru," akasema haraka, "usikuje, Rebecca! Miye niko Bunia, kule kuko bunduki! À vous."

Rebecca akamhesabia.

"Mama, redio inasema mulirudi. Simu inaandika Lotsuru. Weye mwenyewe unasema hapa Lotsuru. Batatu banasema moya. Na weye unanikatalia mulango?" Sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. "Kama umechoka na siye, sema. Moshi ya samaki inamukoholesha mutoto, mama. Siwezi kubaki. À vous."

"Rebecca, sikiliza..."

Lakini salio la Rebecca lilikuwa limekwisha. Anastasie alimpigia mara nne, na mara zote nne, kabla hajajizuia, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa lile lile, na Rebecca akakata.

Ijumaa, saa nane na nusu, Anastasie alifunga kitenge vizuri, akachukua simu, akaondoka kwenda mjini. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mjini kuna minara mingine, huko kioo kitaandika Bunia, na Rebecca ataamini. Alitembea mpaka kwenye duka la dawa, akaangalia. Lotsuru. Akatembea mpaka penye wauza mitumba. Lotsuru. Akaongeza mwendo, akavuka soko lote, jasho linamtiririka, akaangalia tena. Lotsuru.

Akageuka nyuma. Mnara ulikuwa hatua thelathini kutoka kwake, umesimama katikati ya soko, na nguo za Léonie bado zinaning'inia kwenye vyuma vya chini.

"Weye unafanya nini hapa?"

Mnara ukawasha taa, ukaizima.

"Mama, hii kitu yako nusu inikanyagie makayabo!" muuza samaki wa chumvi akapiga kelele. Mnara ukainua mguu, ukauweka mbali kidogo na beseni lake, na muuzaji akaendelea kuhudumia wateja.

"Rudia kambini," Anastasie akauamuru. Akaenda. Ukamfuata. Akapita uchochoro mwembamba, nao ukaruka paa za maduka bila kuangusha hata bati moja. Kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, polisi wa barabarani alisimamisha pikipiki zote ili upite, kwa kuwa ulitokea mkono wa kulia. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Pirogue inaondoka saa kumi.

Anastasie akasimama kando ya rond-point, akashika chuma cha mguu wa mnara kwa mikono miwili. Hapo akaelewa. Uliachwa mara moja bila neno, haukuwa tayari kuachwa mara ya pili.

"Sikia," akasema. Hakujali watu waliokuwa wakipita. "Siku ile tulikimbia, hatukukuambia kitu. Ilikuwa mubaya. Miye nilikukumbuka nikiwa mbali, nikaogopa kurudi. Unisamehe. Leo nakuambia. Bunduki iliingia kwetu. Iko kule mpaka sasa. Hatutarudia kesho, hatutarudia na kesho kutwa, sijui siku gani tutarudia. Na Rebecca, ule wa kukuchezea ku miguu akiwa mudogo, anakwenda kule na mutoto. Nikimuita na jina yako, atakufa. Uzimike kidogo. Dakika tano. Miye siendi popote, niko nakushika hivi."

Kisha grupu likakohoa mara mbili, likanyamaza. Taa nyekundu ya juu ikafifia, ikazimika. Kwa miaka tisa ulikuwa umezimika kwa kukosa mazutu, kwa radi, na mara moja kwa kosa la panya. Kwa hiari yake, hii ilikuwa mara ya kwanza. Kule kambini mazungumzo mia yalikatika kwa pamoja, na watu, kwa adabu, wakasema "terminé" kwenye simu zilizokufa.

Kioo cha Anastasie kilizungukazunguka, kikitafuta. Kikaandika: Bunia.

Akapiga. Rebecca akaitika. Nyuma yake zilisikika sauti za wapagazi na injini ya pirogue ikijaribiwa.

Anastasie akafungua mdomo. Neno likagoma. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na maishani mwake hakuwahi kuitika kwa jina la mahali pengine, hata kwa mzaha. Ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba nyumba imekwisha. Machozi yakamtoka kabla ya sauti.

"Hapa Bunia," akasema.

"Répétez," Rebecca akasema polepole.

"Hapa Bunia. Hapa Bunia, mutoto wangu. Niko Bunia ku rond-point, nalia mbele ya batu. Lotsuru haina mutu wetu hata moya. Angalia kioo. À vous."

Injini ya pirogue ikanguruma, mtu akaita abiria. Anastasie alimsikia Arielle akikohoa.

"Reçu, mama," Rebecca akasema, naye analia. "Nashuka ku pirogue. Basi hata weye ulifika mwisho wa kusema hivyo. À vous."

"Nilifika. Chukua pikipiki ya kuja Bunia. Mulango iko, sikukukatalia. Terminé."

Aliposhusha simu mkono wake mwingine ulikuwa bado umeshika chuma, kama alivyoahidi. Akaupigapiga mguu wa mnara, akauambia uwake. Grupu likawaka kwa mpigo wa kwanza, bila kubembelezwa, na wakarudi kambini pamoja, yeye mbele, mnara nyuma, wakisimama njiani mara moja tu Anastasie anunue limau.

Jumamosi mchana Rebecca aligonga mlango. Alikuwa na Arielle mgongoni na samaki wawili wabichi wa kapitene kwenye mfuko, mmoja mkubwa kuliko mtoto, mwingine mdogo kama mtoto. Majirani walijaa, wakamnyang'anya mtoto, wakampitisha mikononi mpaka mwisho wa safu na kurudi. Mnara uliwasha taa mchana kweupe na kusahau kuizima. Walikaanga samaki mkubwa, wakala pamoja na Adolphe, ambaye siku hiyo alikuwa amepata ufunguo wake ndani ya unga.

Jumatatu Clémence akaja na mashine yake kumwandika Rebecca. Walimkaribisha ndani, akapita mlangoni, akapewa kigoda na sahani ya samaki mdogo.

"Umekimbia kutoka wapi?"

"Lotsuru," Rebecca akasema.

Clémence akabonyeza, akatikisa kichwa. "Mashine inakataa. Lotsuru iko na amani, hakuna mutu anakimbia kule. Nitakuandika mugeni. Mugeni wa mama Anastasie, anamutembelea kwake Lotsuru. Ni hivyo?"

"Andika," Anastasie akasema. Alikuwa anamlalisha Arielle, ambaye hakuwa amekohoa tangu jana.

"Na mugeni ataondoka siku gani?"

"Siku tutarudi kwetu."

Clémence alishusha orodha kwa kidole, taratibu, mpaka chini, akaitafuta siku hiyo vizuri, kisha akapandisha tena mpaka juu. Alikuwa binti mwenye huruma, na ilimwuma kulisema neno hilo.

"Lakini mama," akasema, "mulisha kurudi zamani."

Kisha akaomba aongezewe samaki.